Sauti ya Rehani na Jinni wa Karai la Halua

Wasimuliao walitangulia, na wasikilizao wakaongeza chumvi, nami nimekuja nyuma yao nikaongeza sukari, kwa sababu habari hii ni ya halua na haifai kusimuliwa kwa ulimi mkavu. Wanasema, na ajuaye yaliyofichika ni Mwenyezi Mungu peke yake, ya kwamba katika mji wa Marashani, mji wenye kuta nyeupe na vichochoro vyembamba hata watu wanene wawili wakikutana ni lazima mmoja arudi kinyumenyume (nami nimepita vichochoro vya namna hiyo katika miji mingi, na aliyerudi kinyumenyume siku zote alikuwa mimi), alitawala Sultani Mudhafari bin Sabaha, mtu wa haki na huruma, mwenye majeshi na mabustani na hazina, na ambaye katika starehe zote za dunia alipenda moja tu kupita kiasi, nayo ni halua ya moto na kahawa chungu.

Na mpishi wa halua ya Sultani alikuwa Shekuwe bin Dadi, mtu mwembamba mwenye mkono wa kulia mnene, kwa maana halua hukorogwa tangu inapowekwa motoni mpaka inapoepuliwa, na mkono ukisimama hata kwa kupiga chafya, halua huungua. Alikuwa na karai kubwa la shaba alilorithi kwa baba yake, naye baba yake kwa babu yake, na babu kwa mababu wa kale, lenye pete mbili nene za kushikia. Na desturi ya Marashani, iliyokuwa na nguvu kuliko sheria nyingi za Sultani, ilikuwa hii: halua ni ya aliyeagiza, lakini ukoko, yaani ule mkwanguo unaoganda chini ya karai, ni haki ya watoto. Ikishaepuliwa tu, watoto wa mtaa mzima hulizunguka karai na vifuu vyao, wakakwangua, wakagombana, wakalambana hata vidole visivyo vyao, mpaka shaba ikang'aa kama kioo. Kwa hiyo tangu enzi za mababu hao hakuna mtu aliyewahi kulisugua karai lile kwa mchanga na ndimu. Likumbuke jambo hilo, ewe msomaji, litatufaa mbele.

Mkewe Shekuwe aliitwa Mwanamkuu binti Kombo, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mpana, na Mungu aliwajaalia binti mmoja, Rehani. Rehani ndiye aliyekuwa sultani wa karai. Ndiye aliyegawa ukoko, akajipimia fungu lake kwanza na kupiga kelele, "Ukoko wangu usimpe mtu!" Ndiye aliyemwamsha baba yake kila alfajiri kwa kumkalia kifuani, "Baba, amka! Sukari haijichemshi!" Na siku za mwisho alikuwa akimfuata mama yake chumba kwa chumba, mdomo wazi, "Mama, jino langu linacheza, hebu lishike!" kwa kuwa jino la kwanza lilikuwa likitikisika, na rafiki yake Kidawa, mtoto wa jirani, alikuwa amekwisha kung'oka mawili na alikuwa akimringia.

Jino lile halikuwahi kung'oka. Homa iliingia nyumbani mwa Shekuwe kama aingiavyo mgeni asiyebisha hodi, na asubuhi moja, Shekuwe akiwa juu ya karai akikoroga halua ya baraza la Sultani, alisikia sauti ya mkewe kutoka chumbani, na mkono wake ukasimama. Halua iliungua ikawa mkaa. Hakuna aliyeitazama.

Watu wakaja, wakamzika mtoto, wakakaa matanga, wakasoma hitima, na kila aliyeingia alisema, "Tumuombe Mungu awape subira," na Mwanamkuu akajibu, "Amina," kama mtu ajibuye swali ambalo hakulisikia. Shekuwe alisali sala zake zote katika safu ya mbele, lakini alipofika mahali pa kuomba dua, mikono ilinyanyuka na maneno hayakuja, naye akaishusha mikono mitupu. Nyumba ilinyamaza. Watoto wa mtaa walipita mlangoni wakinyata, vifuu mikononi.

Siku ya arobaini ilipopita, Shekuwe akaona karai lake lile lile, na halua ile ile iliyoungua imegandamana ndani kama lami. Akachukua mchanga na majivu na ndimu, akaketi uani, akaanza kusugua, na kila alivyosugua ndivyo alivyolia, na machozi yakasaidiana na ndimu. Alipofika kwenye pete ya kushikia na kuisugua kwa nguvu, pete ikageuka kwa mlio, na moshi ukatoka, wenye harufu ya iliki na sukari iliyochomeka, ukapanda hadi juu ya paa, kisha ukajikusanya ukawa jinni, mkubwa kama mnara, mwenye ndevu zilizonata vipande vipande kama pamba iliyomwagikiwa asali.

"Assalamu alaikum," akasema jinni kwa sauti ya kutetemesha vyungu. "Usiogope. Na kama una maji ya moto, tafadhali, maana miaka mia tatu ya sukari katika ndevu si jambo la mzaha."

Shekuwe akajibu salamu, kwa kuwa salamu hujibiwa hata ikitoka katika moshi, akasema, "Wewe ni nani, na unatafuta nini katika karai langu?"

"Mimi ni Dahanushi bin Ghashamu, jinni katika majini wa Jabali Kafu. Nilifungwa katika pete hii na mfalme wetu kwa kosa la kuchelewa kwenye harusi yangu mwenyewe. Akaapa kwamba sitatoka mpaka karai lisuguliwe na mja mwenye huzuni ya kweli, na kwamba nitamtumikia jambo moja, wala sitakuwa huru mpaka aliyetumikiwa atamke kwa moyo wake, si kwa ulimi tu, 'Nimeridhia.' Nami nikafurahi, nikadhani nitatoka keshoye. Kumbe karai linakwanguliwa na watoto! Nani atasugua chombo kilichokwisha kulambwa?"

Shekuwe akalishika vazi la jinni kwa mikono miwili. "Basi nirudishie binti yangu."

Yule jinni mkubwa akashuka, akapungua, akapungua, mpaka akawa kimo cha mtu, akaketi mchangani mbele ya Shekuwe, na macho yake yakajaa maji. "Ndugu yangu," akasema, "hilo si langu, wala si la mfalme wangu, wala si la kiumbe yeyote aliye chini ya mbingu. Roho ina Mwenyewe, na Mwenyewe ameichukua. Niombe milima nitaisogeza. Hilo usiniombe, unanitia aibu."

Ndipo wakasikia sauti mlangoni. Mwanamkuu alikuwa amesimama hapo, na alikuwa amesikia yote. "Mwili nimeuzika," akasema, "na roho iko kwa Mola wake. Mimi naomba sauti yake tu. Sauti nayo haiwezekani?"

Jinni akafuta macho yake. "Sauti," akasema, "inawezekana. Lakini nisikilize kwanza, bibi yangu."

Akawaeleza kwamba huko Jabali Kafu wapo ndege wadogo waitwao Mwangwi, ambao chakula chao ni maneno ya wanadamu. Huyaokota hewani kama kuku aokotavyo mtama, wakayaweka. Kila Mwangwi hubeba sauti ya mtoto mmoja, na huibeba kwa taabu, kama mtu abebaye maji viganjani. Mtoto mwingine yeyote akipaza sauti ndani ya nyumba alimo ndege yule, ikiwa ni kicheko au kilio, ndege atashtuka, na sauti itamwagika, naye ataruka asirudi tena.

"Kwetu hakuna mtoto mwingine," akasema Mwanamkuu. "Nenda."

Jinni akaenda na kurudi kabla ya maji ya ndevu zake kuchemka. Mkononi alikuwa na ndege wa rangi ya majivu, mdogo, mbaya wa sura (nawaomba radhi ndege wote, nami si mzuri). Ndege akatua juu ya mwamba wa chandarua, akajikung'uta, akafungua mdomo, na nyumba nzima ikasikia:

"Mama, jino langu linacheza, hebu lishike!"

Mwanamkuu akaanguka sakafuni, akalia, akacheka, akalia tena, na Shekuwe akawa hana habari kama ashukuru au akimbie.

Basi maisha yakawa hivyo. Alfajiri Shekuwe aliamshwa, "Baba, amka! Sukari haijichemshi!" na kwa nukta moja, kabla ya akili kurudi mahali pake, alikuwa baba mwenye furaha, kisha akili ikarudi. Mwanamkuu alifunga mlango wa mbele na kuziba dirisha la kichochoroni kwa mkeka, na mtoto yeyote aliyesogea alifukuzwa kwa kutikiswa kidole, na ukoko ukawa unatupwa. Naye Dahanushi, kwa kuwa hakuambiwa "nimeridhia", hakuweza kuondoka, akakaa jikoni, akajifunza kupasua lozi na kuosha vikombe, na kila alipovunja kimoja alisema, "Hiki kilikuwa na ufa."

Siku moja Mwanamkuu akamuuliza, "Wewe hunichoki, Dahanushi? Neno moja tu linakufunga hapa, nami silisemi."

"Bibi yangu," akajibu jinni, "neno lisilotoka moyoni halifungui kufuli, kwa hiyo usijisumbue kunidanganya. Majini hatuchoki upesi. Anayeweza kuchoka ni mchumba wangu Shamsharuri, na yeye ana upanga."

Mwanamkuu akacheka kidogo, kisha akajiziba mdomo kama aliyeiba.

Haukupita muda mrefu, akamwita mumewe kando. "Mume wangu, nina habari."

"Njema?"

"Sijui." Akaushika mkono wa Shekuwe, ule mnene, akauweka tumboni mwake.

Shekuwe akasema, "Alhamdulillahi," na kwa mara ya kwanza tangu msiba neno lile likatoka lenyewe. Kisha akauona uso wa mkewe, na wote wawili wakatazama juu ya chandarua, alikokaa ndege.

"Nimekwisha kufikiri," akasema Mwanamkuu kwa haraka. "Nitajifungulia kwa dada yangu, kule mtaa wa pili. Mtoto atakaa huko. Nitakwenda kumnyonyesha na kurudi, kumnyonyesha na kurudi."

"Mtoto wetu awe mgeni katika nyumba ya baba yake?"

"Na Rehani awe mgeni wapi, Shekuwe? Niambie wewe. Nimfukuze mara ya pili kwa mkono wangu?"

Shekuwe akaokota mwiko wake, akarudi kwenye karai. Nami ningekuwa hapo nisingekuwa na jibu, ingawa kwa kawaida sikosi la kusema, na marafiki wamekwisha kunilalamikia.

Huku nyuma watoto wa Marashani walikuwa wameishiwa na subira. Asubuhi moja wakajikusanya, na vifuu vyao, wakaenda barazani kwa Sultani, na aliyetangulia ni Kidawa, akainama kama alivyoona mawaziri wakifanya, akasema, "Ewe Sultani wetu, Mungu akuweke! Tumenyimwa ukoko. Ukoko ni wetu tangu babu yako hajawa na ndevu."

Waziri akakohoa. Sultani Mudhafari akasema, "Hoja ina nguvu. Na mimi pia nina malalamiko." Akaagiza Shekuwe aitwe, na alipokuja akamwambia mbele ya baraza, "Ewe Shekuwe bin Dadi, fahari ya majiko yetu na utamu wa usultani wetu! Halua yako ya siku hizi nimeionja kwa makini. Haikukosa sukari, wala samli, wala zafarani. Imekosa kugombaniwa. Nini kimekupata?"

Shekuwe akaeleza yote, tangu pete ya karai mpaka tumbo la mkewe, wala hakuficha neno. Waziri akasema, "Bwana wangu, toa amri ndege aachiwe, mambo yaishe."

"Mimi natawala mji," akasema Sultani. "Moyo wa mama umo nje ya mipaka yangu." Kisha akawatoa watu wote, akabaki na Shekuwe, akamsogezea kikombe cha kahawa kwa mkono wake mwenyewe. "Sikiliza, kaka. Sultana alipofariki niliviacha viatu vyake mlangoni mwa chumba, na nikaapa asiviguse mtu. Kila waziri aliyevikwaa nilitamani kumkata kichwa."

"Ukafanyaje mwisho, bwana wangu?"

"Nikavikwaa mwenyewe. Nikaanguka kifudifudi, kilemba huku na mimi kule. Na nikacheka. Kisha nikaona haya kucheka, halafu nikakumbuka kwamba yeye ndiye angecheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa akiniambia kila siku nitazame ninapokanyaga." Akafuta jicho kwa ncha ya kilemba. "Siku ile nikavitoa viatu sadaka. Lakini Shekuwe, kama mtu mwingine angevitoa kabla yangu, ningemchukia mpaka leo. Kwa hiyo usimharakishe. Tangu sasa karai litapikiwa uani kwetu, watoto wapate haki yao huku, na nyumba yenu ibaki na kimya chake mpaka mwenyewe atakapokichoka."

Ikawa hivyo. Siku ya kwanza ya ukoko uani kwa Sultani watoto waligombana hata walinzi wakaingilia kati, wakapata vyao. Lakini walipomaliza, fungu moja lilikuwa limebaki limetengwa juu ya jani la mgomba, wala hakuna aliyeligusa. Shekuwe akauliza, "Hili la nani?"

"La Rehani," akasema Kidawa. "Si alisema asipewe mtu?"

Shekuwe akageuka upande, akajifanya anatazama moto. Kisha akamwambia, "Mpelekee mama yake. Lakini ukifika kwetu, mwanangu, usifungue kinywa. Hata salamu."

Kidawa akaenda, akabisha kwa kucha, na Mwanamkuu akafungua mlango, kidole tayari mdomoni kuashiria kimya. Mtoto akanyoosha jani kwa mikono miwili, akaelekeza kidole kwenye ukoko, halafu juu, halafu moyoni, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema akafanya kitu pekee alichoweza: akatabasamu. Na pale yalipokuwa mapengo mawili, palikuwa na meno mawili mapya, makubwa, meupe, yamejitokeza kama watu wazima katikati ya watoto.

Mwanamkuu akamtazama kwa muda mrefu. Akambusu kichwani, akafunga mlango, akaketi na lile jani mapajani.

"Mama, jino langu linacheza," akasema ndege, "hebu lishike!"

"Bado tu, mwanangu?" akajibu Mwanamkuu taratibu. "Kidawa ameota mapya."

Ndege akainamisha kichwa. "Ukoko wangu usimpe mtu!"

"Sikumpa. Huu hapa. Njoo uule." Akaunyanyua juu, na ndege akautazama, wala hakuula, kwa kuwa chakula chake ni maneno, na maneno yenyewe ni yale yale, hayaongezeki wala hayakui. Mwanamkuu akaula ukoko ule peke yake mpaka ukaisha, na tangu siku ile akaondoa mkeka dirishani nusu.

Nusu tu. Maana moyo nao una mlango wake, na haufunguki wote kwa siku moja.

Mpango wa kwenda kwa dada yake aliushikilia, na nguo zake alikwisha kuzifunga katika kanga. Lakini binadamu hupanga, na Mungu ana mipango yake. Asubuhi moja mvua kubwa ilishuka juu ya Marashani, vichochoro vikawa mito, na uchungu ukamshika Mwanamkuu kabla ya wakati wake, Shekuwe akiwa kwa Sultani juu ya karai. Dahanushi aliposikia mguno wa kwanza akatupa vikombe vyote, na safari hii hakusema vilikuwa na ufa. Akaruka kwenda kumwita mkunga.

Mkunga wa mji alikuwa Bi Somoe, mwanamke mnene kuliko kichochoro chake mwenyewe, na jinni alipoona hawapiti, akamnyanyua, akampitisha juu ya mapaa katika mvua, na mji mzima ukamsikia Bi Somoe akitukana kutoka mawinguni: "Niteremshe, mshenzi wewe! Nimezalisha mama zenu wote, leo nife nikining'inia kama popo?" Akatuliwa uani, akakunja mikono ya nguo, akamwambia jinni, "Chemsha maji. Na ukamlete baba mtu." Akaingia chumbani.

Mwanamkuu akamshika mkono. "Bi Somoe, nakuomba. Akitoka tu, mfunike, umpe Dahanushi ampeleke kwa dada yangu. Asilie humu. Usimwache alie humu."

"Mtoto si chupa, mwanangu, nimtie kizibo! Sukuma."

Akasukuma. Mvua ikanyesha, na uchungu ukaja na kwenda kama mawimbi, na mtoto akatoka, msichana. Shekuwe akaingia wakati ule ule, amelowa, mwiko wa halua ungali mkononi. Na wote wakangoja.

Mtoto hakulia.

Bi Somoe akampangusa, akampiga makalio, akampuliza usoni. Kimya. Akamgeuza, akampiga tena. Rangi ya mtoto ikawa kama ya ndege yule juu ya chandarua. Na katika kile kimya ambacho Mwanamkuu alikuwa amekitafuta miezi yote ile, na kukizibia dirisha, na kukifukuzia watoto wa watu, akajiinua kitandani kwa viwiko, na sauti ikamtoka ambayo hakuijua kuwa anayo.

"Lia! Lia, mwanangu! Lia uamshe mji mzima! Ee Mola wangu, yule uliyemchukua ni wako, nami nimeridhia, nimeridhia, wallahi nimeridhia, lakini huyu mwache alie!"

Jikoni kikasikika kitu kizito kikikatika, kama kufuli. Shekuwe akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mkunga, akamwekea mdomo kwenye sikio la kulia, na kwa sauti iliyovunjika kila neno akaanza kumwadhinia, "Allahu Akbar, Allahu Akbar." Bi Somoe akaendelea kupiga visigino. Na juu ya chandarua ndege akanyoosha shingo, akasema kwa sauti safi, ya kuchokoza, ya mtoto aliyechoka kungoja watu wazima:

"Amka! Sukari haijichemshi!"

Na mtoto akalia.

Akalia kilio cha kupasua dari. Ndege akashtuka, akafungua mdomo mara moja, na hakikutoka kitu. Akamtazama Mwanamkuu kwa jicho moja, kisha kwa jingine, kama wafanyavyo ndege, akaruka, akapita katika ile nusu ya dirisha iliyokuwa wazi, akaingia katika mvua. Mwanamkuu akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Machozi yalimtoka, naye alikuwa akinyoosha mikono. "Nipeni mtoto wangu," akasema. "Mnamshika vibaya."

Na mpaka leo katika mji wa Marashani wanabishana ni kipi kilichomwamsha. Bi Somoe anasema ni kofi lake, na ukimbishia utalionja. Shekuwe anasema ni adhana. Watoto wa mtaa wanasema ni dada yake. Mwanamkuu akiulizwa husema, "Aliyemleta ndiye aliyemwamsha, na wajumbe anao wengi," kisha humimina kahawa.

Siku ya saba mtoto akanyolewa, akachinjiwa, na majirani wakasema, "Mwiteni Rehani, awe somo wa dada yake." Mwanamkuu akasema, "Rehani ana jina lake, na hajampa mtu. Huyu ni Radhia." Akafungua mlango wa mbele na dirisha lote, na karai likarudi nyumbani, na watoto wakaingia na vifuu vyao kama jeshi lililoshinda. Sultani Mudhafari akaja mwenyewe na mawaziri, akaonja, akafumba macho. "Hii," akasema, "imegombaniwa." Akamvika Shekuwe joho la heshima, akampa nyumba kubwa jirani na kasri, na kwa Mwanamkuu Sultani alikuwa na zawadi ya peke yake: jozi ya viatu vya dhahabu, "ili mumeo naye apate cha kukwaa."

Ama Dahanushi, kufuli lake lilikuwa limekatika, lakini hakutaka kuondoka bila halua. "Shamsharuri amengoja miaka mia tatu," akasema. "Nikienda mikono mitupu, ule upanga hautakuwa wa mapambo." Basi Shekuwe akapika halua ambayo haijawahi kupikwa mfano wake, na mkewe akakaa pembeni akimnyonyesha Radhia na kumwambia sukari imezidi, na majini wakashuka Marashani kwa harusi, wakacheza mpaka minara ikatikisika, wakaacha mlangoni mwa Shekuwe lulu na yakuti na udi, naye akawa tajiri, ingawa aliendelea kukoroga kwa mkono wake, akisema mkono ukizoea kazi ukaachwa huanza kuwaza. Bwana harusi alifika mapema tangu jana yake, akakaa kitini, hakuinuka hata kwenda chooni.

Miaka ikapita. Na alfajiri moja Mwanamkuu alikuwa akichambua iliki uani, na mtoto akatoka chumbani mbio, mdomo wazi, kidole ndani ya mdomo.

"Mama, jino langu linacheza, hebu lishike!"

Iliki zikamwagika. Mwanamkuu akamtazama, na nisingependa kuwaambia aliyoyaona wakati ule, kwa kuwa ni yake. Kisha akanyoosha mkono, akalishika lile jino dogo kwa vidole viwili, na likatikisika kweli. Keshoye likang'oka. Mama na mtoto wakasimama uani, wakalirusha kwa nguvu juu ya paa, kama ilivyo desturi ya jino la kwanza, likagonga ukuta, likapaa, likafika.

Hii ndiyo hekaya niliyoichukua mjini kwao nikiwa na kikombe mkononi, na kama mmeona imekuwa ndefu, sababu ni kwamba walikuwa wakiniongezea halua, na ushahidi mnauona tumboni. Mafunzo yake ni haya: aliyeondoka mtengee fungu lake, lakini usimfungie aliyekuja mlango, na kuridhia si kusahau, ni kuifungua mikono ili upewe tena. Karai langu limeishia hapo. Ukoko ni wa watoto.